Umeambiwa Uende Upigwe Picha? Hii Ndiyo Maana ya Eksirei na Kazi Yake

Wacha tuanze na stori ambayo kama wewe ni msee wa Mau Narok unaijua vizuri. Ni asubuhi, ukungu umefunika kila kitu, barabara ni matope tupu. Nduthi imebeba gunia mbili za waru na wewe umekalia juu. Kona moja hivi tairi inateleza, unaruka, na unashika chini kwa kiganja. Unaamka, unajipangusa, watu wa steji wanacheka kidogo. Mkono umefura lakini vidole vinasonga. Ukifika nyumbani mathe anakuangalia anasema, "Kama vidole vinasonga hujavunjika." Unachuliwa, unafungwa kitambaa, Jumatatu unarudi shambani.

Sasa skiza. Hiyo sheria ya vidole kusonga ni uongo mtupu. Mfupa unaweza kuwa na ufa na vidole bado vicheze kama vya DJ. Cha kukuambia ukweli ni eksirei, ile watu wengi huita tu "picha". Na juu wengi wetu huenda kupigwa hiyo picha bila kujua inaona nini na haioni nini, leo tunaivunja yote, kutoka kwa mfupa hadi ile kohoo ya baridi ambayo si ya baridi.

Jina lilitoka wapi?

Tarehe 8 Novemba 1895, kule Würzburg, Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Röntgen alikuwa anapitisha umeme kwa chupa ya glasi isiyo na hewa. Chupa alikuwa ameifunika na kadibodi nyeusi ndiyo mwanga usitoke. Lakini kando yake kulikuwa na karatasi yenye kemikali, na hiyo karatasi ikaanza kung'aa yenyewe. Kuna kitu kilikuwa kinapenya kadibodi na yeye hakioni. Hakujua ni nini, kwa hivyo akakiita X, ile X ya hesabu iliyokusumbua pale form two. Desemba 22 mwaka huo akaweka mkono wa mke wake Bertha mbele ya hiyo miale, na ikatoka picha ya mifupa ya vidole pamoja na pete.

Huku kwetu reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado haijaanza kujengwa, na Nakuru haikuwa hata mji. Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia mwaka 1901, na hakutaka kuisajili hiyo kitu iwe yake peke yake. Ndiyo maana ilisambaa haraka hivyo. Respekt.

Inafanya kazi aje?

Umewahi kuona mtu wa kuku akikagua yai? Anaishika mbele ya tochi gizani, mwanga unapita, na ndani anaona kivuli. Kama kuna kifaranga, kivuli ni kizito. Kama hakuna, yai linang'aa lote. Eksirei ni hiyo hiyo, isipokuwa tochi yake ni kali kiasi cha kupenya nyama.

Ndani ya mashine kuna waya unaopashwa moto hadi unaachilia elektroni. Elektroni zinasukumwa kwa volti elfu nyingi na kugonga chuma kigumu, mara nyingi tangsteni. Zikigonga hivyo, sehemu ndogo sana ya ile nguvu, karibu asilimia 1, inageuka kuwa miale ya eksirei. Inayobaki yote ni joto. Miale inapita mwilini mwako na kugonga filamu au kioo cha kidijitali upande wa pili.

Kinachozuia miale kinatokea cheupe. Mfupa una kalsiamu, kwa hivyo ni mweupe. Chuma ndiyo nyeupe zaidi. Mapafu yamejaa hewa, miale inapita tu, kwa hivyo yanatoka meusi. Nyama na mafuta viko katikati, kijivu kijivu. Ukishajua hivyo, picha yoyote ya kifua inaanza kukuongelesha: mahali palipotakiwa kuwa peusi pakiwa na wingu jeupe, daktari anasimama hapo.

Kumbuka lakini ni kivuli. Kivuli hakina mbele wala nyuma. Ndiyo maana ukienda na mguu, yule radiografa anakupiga ukiwa umeangalia juu, halafu anakugeuza upande na kukupiga tena. Hakuibii doo. Ufa mwingine unaonekana kwa upande mmoja pekee.

Turudi kwa ule mkono wa Jumatatu

Ukianguka na kiganja, kuna kamfupa kadogo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambako hupenda sana kuvunjika. Wachezaji mpira na wasee wa nduthi wanakajua hata kama hawajui jina lake. Ukinyoosha kidole gumba juu, kuna kashimo kanatokea chini yake. Bonyeza hapo. Kama unaruka kwa uchungu, usingoje.

Ujanja wa huyo mfupa ni kwamba damu inaingia kwa njia nyembamba. Ukivunjika na usitulizwe, kipande kimoja kinaweza kukosa damu na kufa, na ukibaki hivyo unazeeka na mkono usioweza kubeba hata debe. Na hapa ndipo watu wengi hupotea: ufa wake mara nyingine hauonekani kwa picha ya siku ya kwanza. Unaambiwa "picha iko sawa" unaenda kejani ukifurahi. Daktari anayejua kazi atakufunga hata hivyo na kukuambia urudi baada ya siku 10 hadi 14 upigwe tena, juu kufikia hapo mfupa ukianza kujirekebisha ule ufa unaonekana vizuri. Kwa hivyo ukiambiwa urudi, rudi. Si kwamba mashine ya kwanza ilikuwa mbaya.

Na wale wazee wa kukanda mifupa? Sitawatusi, wengine wana mkono mzuri na mtaa unawaheshimu. Lakini mkono wa mtu hauoni ndani. Kukanda mfupa uliopasuka kunaweza kusongesha vipande vilivyokuwa vimekaa sawa. Picha kwanza, mengine baadaye.

"Ni baridi tu ya Mau"

Hii ndiyo sehemu nataka usome polepole.

Mau Narok iko juu sana, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Baridi si ya mchezo. Kila mtu anakohoa Juni na Julai, jikoni kuna moshi wa kuni, usiku jiko la makaa limeingizwa ndani. Kwa hivyo mtu akikohoa mwezi mzima hakuna anayeshtuka. Anapewa maji ya tangawizi, halafu dawa za duka la dawa, halafu zingine kali kidogo. Amepungua kilo, usiku anaamka shati imelowa jasho na nje kuna umande wa barafu, na bado stori ni ile ile: ni baridi.

Kohoo ikipita wiki mbili, stori ya baridi imeisha. Hapo unastahili kupimwa TB, na picha ya kifua ni moja ya njia za haraka za kujua kama kuna kitu mapafuni. Kenya ilifanya uchunguzi wa nchi nzima mwaka 2015 hadi 2016, ikagundua kwamba kati ya kila watu wazima 100,000, kama 558 walikuwa na TB iliyothibitishwa kwa maabara. Hiyo ni nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Na kilichoshtua zaidi ni kwamba wengi wao wangepitwa kama wangeulizwa tu swali la kohoo. Picha ya kifua ndiyo iliwanasa. Walikuwa wanatembea, wanafanya kazi, wanapanda mathree na sisi.

Lakini usiichukue picha kama hukumu. Lile wingu jeupe linaweza kuwa TB, linaweza kuwa nimonia, linaweza kuwa kovu la ugonjwa wa zamani, au hata saratani. Eksirei inasema "kuna kitu hapa, angalieni". Anayethibitisha TB ni makohozi yako yakipimwa, mara nyingi kwa mashine ya GeneXpert ambayo hutoa jibu ndani ya kama saa mbili. Ukipatikana nayo, dawa ni bure kwa hospitali za serikali na kwa kawaida unazimeza miezi 6. Mtu akipewa dawa za TB kwa kuangalia picha tu bila makohozi kupimwa, ana haki ya kuuliza kwa nini.

Siku hizi kuna mashine ndogo za kubebwa kwa begi, na programu ya kompyuta inayosoma picha ya kifua na kutoa alama. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi ya hizo programu mwaka 2021 kwa watu wa miaka 15 kwenda juu, na Kenya imeanza kuzitumia kupima watu mashinani. Kwa hivyo ukisikia kuna kambi ya matibabu soko iko karibu na mashine imekuja na gari, usikae kando ukidhani ni ya wazee.

Kuna sababu nyingine ya kujua kifua chako mapema, na hii inagusa mbogi yote inayosaka kazi nje. Ukitaka kuenda Saudi, Qatar ama nchi zingine za Ghuba, kipimo cha afya kina picha ya kifua, na hata kovu la zamani la TB linaweza kukuzuia. Ukienda Uingereza kukaa zaidi ya miezi 6, lazima uwe na cheti cha kipimo cha TB, na hapo pia ni picha ya kifua. Kuna watu wameuza ng'ombe, wamelipa ajenti, halafu wakajua mapafu yao yana shida siku ya kipimo. Pesa ya ajenti hairudi kirahisi.

Picha kortini

Umepigana, ama umepigwa. Mpaka wa shamba, deni, mambo ya klabu, haijalishi. Ukienda polisi unapewa fomu ya P3, na daktari ndiye anajaza kiwango cha jeraha. Hapo kuna tofauti kubwa. Kwa sheria ya jinai ya Kenya, Sura ya 63, kumshambulia mtu na kumuumiza kwa kawaida ni kifungu cha 251, na adhabu ni hadi miaka 5. Kumdhuru vibaya ni kifungu cha 234, na adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha.

Kama taya lako limepasuka na hakuna picha ya kuonyesha, daktari anajaza anachoona kwa macho: uvimbe. Uvimbe unaisha kabla ya kesi kutajwa. Kwa hivyo ukiumizwa, pigwa picha mapema, weka risiti, weka filamu, weka ripoti. Na kinyume chake pia ni kweli: kama wewe ndiye unasingiziwa kuvunja mtu mkono, picha inaweza kukuokoa.

Ni wapi sasa?

Kutoka Mau Narok unateremka, unapita Likia, unafika Egerton na Njoro, halafu Nakuru. Kama kituo cha karibu hakina mashine ama mashine imelala, hospitali kubwa ya rufaa ya kaunti pale Nakuru, ile wazee bado huita PGH, hupiga picha za kila aina. Uliza kwanza kwa kituo chako wakupe barua. Ukienda bila barua inayosema nini kinatafutwa, hata radiografa hajui akupige wapi. "Piga kifua" haitoshi. "Kohoo wiki tano, amepungua uzito", hiyo inamsaidia anayesoma picha kujua aangalie wapi.

Mashine nyingi za kidijitali zilifika hospitali za kaunti kupitia mpango wa kukodisha vifaa ulioanza mwaka 2015. Ule mpango ulizua kelele hadi Seneti ikauchunguza, na kwa maoni yangu kelele ilistahili, juu mashine bila mtu wa kuisoma picha ni friji ya bei ghali. Lakini kuna mtu alipigwa picha na kuponea kwa sababu yake, hilo nalo lisemwe.

Si kila picha ni eksirei

Ile ya mimba, ambapo wanakupaka jeli baridi tumboni, hutumia sauti. Haina mionzi kabisa. MRI hutumia sumaku, na ndiyo FIFA ilianza kutumia kupima vifundo vya mikono vya wachezaji wa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009, baada ya watu kujiita watoto na wana ndevu. Siti skani, ile unaingia kwa mduara kama donati, hiyo ni eksirei nyingi zikizunguka na kompyuta kuziunganisha vipande vipande. Mamografia ya matiti ni eksirei. Picha ya meno ni eksirei.

Nje ya hospitali pia ziko. Begi lako likipita kwa mashine pale uwanja wa ndege, ni eksirei. Kontena zikichunguzwa bandari ya Mombasa, ni eksirei kubwa. Na kuna ile ya kubamba: mtoto wa miaka 78,000 aliyezikwa pango la Panga ya Saidi kule Kilifi, ambaye wanasayansi walimpa jina Mtoto. Mifupa ilikuwa laini sana kuguswa, wakaitoa pamoja na udongo wake na kuichunguza kwa skani za eksirei. Habari ikatoka mwaka 2021, na ndilo kaburi la zamani zaidi la binadamu wa leo linalojulikana Afrika.

Itaniua nguvu?

Najua ulikuwa unangoja hii. Jibu ni hapana. Picha moja ya kifua ama ya mkono haitakumaliza nguvu za kiume, na haitakufanya usizae.

Mionzi iko kila mahali, hata bila hospitali. Inatoka ardhini, kwa mawe, kwa chakula, na kutoka angani. Tena mtu wa Mau Narok anapata ya angani zaidi kuliko mtu wa Mombasa, juu yuko juu na hewa ya kumkinga ni nyembamba. Picha ya kifua inakupa kiasi unachopata kwa kuishi tu kama siku 10 hivi, au chini ya hapo. Ya mkono ama mguu ni ya masaa. Siti skani ya tumbo ndiyo nzito, inafika miaka miwili au mitatu ya maisha ya kawaida. Kwa hivyo usiogope picha ya mkono, lakini kama mtu anataka kukupiga siti skani ya kichwa juu ya kaumivu ka jana, uliza maswali.

Na mbona radiografa anakimbia nyuma ya ukuta? Juu wewe unapigwa leo, yeye anapiga watu siku nzima, mwaka mzima. Ile beji kifuani mwake ni ya kupima amekula mionzi kiasi gani. Watu wa zamani hawakujua hayo. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikuwa akijaribia eksirei kwa mikono yake mwenyewe. Alikatwa mikono yote miwili na akafa mwaka 1904. Siku hizi Kenya ina Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia chini ya sheria ya mwaka 2019, na kila mashine ya eksirei lazima iwe na leseni. Kliniki ya uchochoro isiyo na alama ya mionzi mlangoni, tembea.

Dem, kama kuna nafasi yoyote uko na mimba, sema kabla hujaingia. Hata kama ni wiki mbili, hata kama hujamwambia mtu. Radiografa hatakusema kwa mathe. Mara nyingi picha itapigwa hata hivyo kama ni ya lazima, tumbo likikingwa na miale ikielekezwa mbali, ama itasubiri. Na mtoto mdogo asipigwe picha ovyo, juu mwili unaokua unaumia haraka zaidi na mionzi.

Siku yenyewe

Vaa luku rahisi. Utaambiwa utoe mkufu, vipuli, sidiria yenye chuma, na simu mfukoni. Shanga za kwenye rasta zinatokea kwa shingo kama risasi, kwa hivyo zifunge juu. Kwa kifua unasimama, unavuta pumzi hadi mwisho, unashikilia. Ukipumua nusu, mapafu yanatoka madogo na moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na mtu anaweza kukuandikia ugonjwa wa moyo ambao huna. Ukisikia "usipumue", usicheke.

Ikiisha usikimbilie mathree. Uliza picha itasomwa na nani, na lini. Uliza kama utapewa ripoti ya maandishi, si picha pekee. Kuipiga filamu na simu ukiishika dirishani na kumtumia dokta kwa WhatsApp ni sawa kwa stori ya kwanza, lakini ufa mwembamba unapotea hapo, kwa hivyo beba ile yenyewe. Filamu usiikunje. Iweke kwa ile bahasha kubwa ya kaki, chini ya godoro kama kila mtu, na uandike tarehe. Miaka mitatu kutoka leo daktari akiona wingu kwa kifua chako, kitu cha kwanza atauliza ni kama kuna picha ya zamani, juu wingu lililokuwa hapo mwaka huu na halijasonga si sawa na wingu jipya.

Na jua likipatwa tarehe 2 Agosti 2027, ambapo Kenya tutaona sehemu tu, usitoe hiyo filamu kuangalia jua. Haikingi macho. Iache chini ya godoro.